Bastola Ile Niliichagua Mimi

Amani iwe kwenu, baba na mama. Nashukuru kikundi hiki kwa kunipa nafasi. Nimekaa kwenye benchi ile ya nyuma miezi mingi, nikisikiliza wengine wakitoa yao, na kila mara nilirudi nyumbani na yangu ikiwa bado tumboni. Leo nitaitoa. Sitataja jina la mtu, maana wote ninaowasema ni wazima, na hawakuniomba niwatangaze.

Wengi mnanijua kama fundi mbao. Wengine mlinisikia pia zamani, katika kanisa jingine, nikishuhudia jinsi Mungu alivyonivusha katika vita ingawa bibi yangu wa ndoa alileta silaha nyumbani bila mimi kujua. Mlilia pamoja nami siku ile. Ndugu zangu, nawaambia, ushuhuda ule ulikuwa uongo. Bastola ile niliichagua mimi.

Tulikuwa tunakaa hapa Bunia, mtaa wa kartie Lumumba, mimi, bibi yangu, na binti yetu aliyekuwa anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Bibi yangu alikuwa mshonaji. Mashine yake ilikaa barazani, na watoto wa avenyu nzima walienda masomoni na mashati yaliyopita chini ya sindano yake. Mimi nilikuwa na karakana nyuma ya nyumba, na humo nilikuwa nimepanga mbao nyekundu nzuri, zile zinazotoka msituni upande wa Epulu. Nilizipenda mbao zile. Mtasikia.

Jirani yetu alikuwa muzee mmoja, fundi wa redio, wa kabila lile lingine. Zamani hatukuhesabu mambo hayo. Alikuwa na kigugumizi. Neno la kwanza lilimchukua muda mrefu, na kama alikuwa amekimbia au ameshtuka, ndiyo kabisa. Siye tulimzoea. Ukimsalimu unasimama, unangoja, na salamu inakuja.

Vita vilipoingia mjini, watu wakaanza kuulizana majina ya baba zao. Mwezi huu watu wa upande huu wanakimbia, mwezi ujao wanarudi na wa upande ule wanakimbia. Ninyi mlikuwepo, sina haja ya kuwaeleza. Wanaume walikuwa wanatolewa majumbani kwao na kupewa bunduki. Niliogopa. Sikusema kwamba naogopa. Nilisema nimepata kazi ya kuezeka nyumba kule Epulu, na kwamba nitaenda wiki chache tu.

Bibi yangu hakukataa niende. Aliomba kwanza niwapeleke, yeye na mtoto, kwenye kambi ya wakimbizi karibu na kiwanja cha ndege, ambako askari wa kigeni walikuwa wanalinda. Nikamwambia nyumba ikibaki tupu, kabla jua halijazama mbao zitakuwa zimebebwa zote. Naona mama mmoja pale anatikisa kichwa. Tikisa, mama. Nilimwacha mwanamke na mtoto mchanga walinde mbao.

Na ili dhamiri yangu ilale, nikamtafutia silaha.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyetoroka jeshi, alikuwa anauza makaa mbele ya nyumba na vitu vingine ndani. Tulienda asubuhi, baada ya mvua. Nilimlazimisha bibi yangu aje, nikamwambia mkono ni wako, lazima ujaribu wewe. Yule mtu akatandika kitambaa cha kikwembe sakafuni na kuweka bastola tatu juu yake, kama mama anavyopanga nyanya sokoni.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, kidole cha bibi yangu hakikufika pale pa kufyatulia. Ya pili ilikuwa na kutu, nikaikwaruza kwa ukucha kama ninavyokwaruza ubao kuona kama umeliwa na wadudu, nikairudisha. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi. Niliipima mkononi, nikaiinua machoni kuangalia kama imenyooka. Nikaiweka mkononi mwake na kumfungia vidole kimoja kimoja. Ilimkaa. Ndugu zangu, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyempatia bibi yake viatu vya kiasi chake. Muuzaji akanisifu kwamba ninajua kuchagua, na mimi nikacheka.

Bibi yangu hakucheka. Alikuwa anaiangalia ile bastola, mtoto akiwa mgongoni amelala. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ili yule mtu asisikie.

"Papa, kama unajua kama batu bataingia kwetu, juu ya nini unatuacha?"

Nilimwambia anyooshe mkono.

Nilitoa kinga yangu, ile baiskeli ya kubebea mbao, ndiyo tukabadilishana. Nyumbani nikamfundisha nyuma ya karakana, bila masasi, bila risasi hata moja ndani, maana mlio ungetuletea watu. Hakutaka. Mara mbili aliiweka chini, mara mbili nikaiokota na kumrudishia. Nikampa sheria, na sheria ile ninaikumbuka neno kwa neno, kwa sababu niliitunga mwenyewe nikaona ni akili. Nilimwambia: "Mutu akisukuma mulango, uliza ni nani. Uliza mara mbili. Kama hajibu, piga."

Nilisema vile nikijua kwamba ukuta kwa ukuta na sisi anakaa mtu ambaye hawezi kujibu haraka.

Sikuwaza. Hiyo ndiyo dhambi yangu, sikuwaza hata kidogo. Kesho yake nikaondoka.

Yaliyofuata aliniambia yeye mwenyewe, baadaye. Asubuhi moja mji uliwaka. Risasi zilianza upande wa soko, na kufika saa sita ya mchana avenyu yetu ilikuwa imehama. Yeye alibaki, kwa sababu nilimwambia abaki. Alikaa chini kwenye kona ya baraza, mtoto mgongoni, bastola mapajani. Akasikia miguu inakimbia. Mlango wa mabati wa uani ukasukumwa, ukasukumwa tena. Akauliza ni nani. Akasikia mtu anahema na kugonga. Akauliza tena, na kilichokuja kilikuwa sauti tu, kama mtu anayekabwa. Akapiga kupitia bati.

Alikuwa muzee wa redio.

Watu wa upande wake ndio waliokuwa wameteka mtaa siku ile. Yeye alikuwa salama. Alikuja na pusipusi, lile toroli la kubebea mizigo, amelisukuma kutoka barabara kubwa, ampakie bibi yangu, mtoto na mashine ya kushona, awavushe mpaka kiwanja cha ndege. Watu wake wasingemgusa mtu anayetembea naye. Alikuwa amekimbia, na neno halikutoka.

Risasi ilimwingia juu ya kiwiko cha mkono wa kulia. Bibi yangu alifungua mlango akamwona amekaa chini, amejiegemeza kwenye gurudumu. Hakupiga kelele. Alichana kitambaa cha mashati ya wanafunzi, akamfunga mkono, akamkokota mpaka ndani ya pusipusi, akaishika yeye. Alisukuma mtu mzima, mtoto akiwa mgongoni, mpaka kambini. Mashine aliiacha. Na kwenye vizuizi vya njiani, kila walipowasimamisha, ni muzee yule aliyejaribu kusema, akiwa anatokwa damu, kwamba mwanamke huyu ni wake, wampishe. Walimpisha.

Muzee hakufa. Lakini mkono ule uliishia pale. Vidole vilivyokuwa vinashika waya nyembamba kama nywele havikushika tena hata kijiko.

Nilirudi miezi miwili baadaye, mji ulipopoa. Wazee wa mtaa walikuwa wamekaa kambini na ndugu za muzee ili neno lile lisizae damu nyingine. Wakaniita. Mmoja akauliza silaha ilitoka wapi. Siku zile mwanaume mwenye silaha aliitwa mpiganaji, na ndugu za muzee walikuwa wananitazama mikono. Bibi yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele yangu. Akageuka akanitazama. Hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa anangoja tu niseme.

Nikasema: "Miye sikujua. Alijinunulia yeye mwenyewe."

Hakunikanusha. Aliinamisha macho akaanza kumfunga mtoto mgongoni. Wiki ile akaenda kwa mama yake, Mahagi, na binti yetu. Mimi nikabaki, na watu wakanihurumia. Wamama waliniletea chakula. Waliniambia pole, baba, mwanamke mbaya ni msalaba. Nilikula chakula kile. Na mbao zangu? Nilizikuta zote, hakuna hata moja iliyobebwa. Nilitengeneza nazo milango, nikaiuza.

Niliishi hivyo miaka. Nilitoa hata ule ushuhuda. Mtu anaweza kuzoea, ndugu zangu, msidanganyike. Uongo ukiupa chakula unanenepa, unakaa nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Kisha asubuhi moja muzee wa redio akaingia karakanani kwangu. Tulikuwa tunasalimiana njiani, lakini kwangu hakuwa ameingia tangu vita. Alitaka meza. Alitaka nimtengenezee meza ya kazi ya mtu wa mkono wa kushoto, yenye kibano cha kushika redio, kwa sababu mkono wa kushoto ungefungua skrubu na mkono mwingine haungeshika kitu. Nilipima kimo chake, nikapima anapofika kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimepiga goti na kamba ya kupimia aliposema jambo lililochukua muda mrefu kutoka.

Alisema alituona asubuhi ile. Alikuwa amekwenda kununua makaa, akatuona mimi na bibi yangu tunatoka mlango wa yule mtoro, mimi nimebeba kitu ndani ya shati na bibi yangu analia. Wazee waliponiuliza kambini, yeye alikuwa amelala hema la pili, alisikia jibu langu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Batu bote bananingojeaka miye niseme," akanijibu, kidogo kidogo. "Na weye ulikuwa unaningojea, kila siku. Basi na miye nilikungojea."

Nililia nikiwa nimepiga goti palepale kwenye takataka za randa, na muzee hakunishika bega wala kuniambia nyamaza. Alikaa kwenye kiti akangoja. Nilipomaliza akaniuliza meza itakuwa tayari lini.

Nilimtengenezea ile meza kwa siku nne. Siku ya tano nilienda kwa wazee wa mtaa, wale waliobaki, na kwa ndugu za muzee, nikasema. Mmoja wao alinitemea mate miguuni. Alikuwa na haki. Kisha nikapanda gari kwenda Mahagi.

Bibi yangu alikuwa anashona kwa mkono, mlangoni kwa mama yake. Binti yangu alikuwa mkubwa, hakunijua. Nilisema yote nikiwa nimesimama, maana hakunipa kiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Akaniambia nirudie mbele ya mama yake. Nikarudia. Mbele ya wajomba zake. Nikarudia. Jumapili mbele ya kanisa lao, nikarudia. Nilidhani baada ya hapo tutarudi wote. Alisema hapana, nenda. Alikuja mwaka uliofuata, kwa wakati wake, na mlango wa kwanza aliobisha Bunia haukuwa wangu, ulikuwa wa muzee. Walikaa pamoja mchana mzima. Sijui walisema nini, na sijauliza.

Bastola alikuwa ameirudisha zamani kwa waliokuwa wanakusanya silaha. Alienda peke yake.

Namshukuru muzee, aliyetuvumilia wote. Nawashukuru wazee walioniruhusu kusema nilipochelewa. Namshukuru mama mzazi wa bibi yangu, aliyenipa maji siku ile Mahagi kabla bibi yangu hajanisamehe. Na funzo, kama mtu kama mimi anaweza kutoa funzo, ni hili. Mtu wako akikuomba ukae naye, usimpe kitu. Kaa. Kama huwezi kukaa, mchukue. Na kama ulishamwacha, basi angalau usimwachie na kosa lako alibebe.

Bibi yangu hajakuja leo. Nilimwomba aje, akasema haya ni yangu, yeye aliyasikia tayari. Lakini sokoni wako bado wanaonyamaza akipita, na baadhi yao mko hapa. Siwalaumu, ni mimi niliyewafundisha. Kesho mkimkuta kwenye meza yake ya vitambaa, msimpe pole, hapendi. Msalimuni, mumwambie tu kwamba mmenisikia.