Mama Matundu na Betri ya Mia Mbili

Miaka thelathini na miwili ya kazi inatimia tarehe 30 Juni, siku ambayo fundi mkuu wa betri wa hospitali yetu atatundika ovaroli yake kwa mara ya mwisho. Ovaroli yenyewe haifai hata kudekia. Asidi imeitafuna ikawa chujio, ndiyo maana karakana nzima, mimi nikiwa kinara, tunamwita Mama Matundu.

Alianza kwa kuongeza maji kwenye betri za magari ya wagonjwa. Baada ya miaka mitano alikuwa akiigusa betri kwa kiganja na kukuambia kama ina homa. Siku moja aliikaripia betri ya gari la mkurugenzi, gari likawaka. Nilikuwepo.

Lakini kubwa kuliko yote lilitokea miaka tisa iliyopita. Tuliarifiwa kuwa umeme ungekatwa mchana kwa muda wa saa nne, na jenereta letu lilikuwa mahututi. Bosi akanunua betri mpya ya mia mbili, yaani ampea-saa mia mbili, kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Taa na mashine za mle zilivuta ampea hamsini. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini kugawanya nagawanya hata usingizini: mia mbili kwa hamsini, nne. Saa nne barabara. Bosi akanipiga bega, akampa Mama Matundu fomu ya kuipitisha betri hiyo atie saini.

Akakataa. Akatuonyesha maandishi madogo kwenye lebo: saa ishirini. Alieleza kuwa ile mia mbili ni ya anayevuta taratibu, ampea kumi kwa saa ishirini. Ukiivuta hamsini kwa mkupuo, haikupi zote. Ni kama mchukuzi: akitembea atafika na gunia, mkimbize atalitua njiani. Bosi akasema asiyesaini akakae nyumbani. Mimi nikamuuliza kama betri nazo siku hizi zina chama cha wafanyakazi.

Akanijibu bila kupandisha sauti: "Mjomba, nikikosea mimi, nitafukuzwa kazi. Ukikosea wewe, nani atamwambia mama aliyeko mezani asubiri?"

Akakusanya taa kuukuu, akaziunga kwenye ile betri mpaka zikavuta ampea hamsini, akaketi na saa ya ukutani mapajani. Baada ya saa mbili na dakika hamsini, taa zote zikazima mbele ya macho ya bosi. Ikanunuliwa betri ya pili, zikafungwa pamoja zigawane mzigo. Zilipojaribiwa, zilipita saa sita, kwa kuwa sasa kila moja ilivutwa polepole.

Siku umeme ulipokatwa, mpwa wangu, binti wa dada yangu, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, akapelekwa kupasuliwa. Mtoto alitolewa zikiwa zimepita saa tatu na dakika ishirini tangu umeme ukatike, taa zikiwaka.

Tangu hapo, kwenye harusi na misiba, nimesimulia kwamba mimi ndiye niliyeisoma lebo ile. Mama Matundu amenisikia mara nyingi, akaendelea kunywa chai yake. Leo naandika ili ibaki kwenye karatasi: aliyesoma ni yeye. Mimi niligawanya.

Asante, dada yetu. Karakana yote inakutakia mapumziko mema na afya tele. Mpwa wangu atakuja kwenye sherehe na yule mtoto. Nimeshamweleza amshukuru nani.