Sikio Langu Lililochanika Kisimani Kakuma

Ejok, hamjambo kina mama. Ejok, wazee wetu mliokaa pale kivulini. Nimeambiwa nisimame niseme Mungu alivyonitendea. Kusema Kiswahili mbele ya watu kunanitoa jasho, kwa hiyo mnivumilie. Nikikosea, chekeni kidogo halafu tuendelee.

Nawaona mnalitazama sikio hili la kulia. Litazameni tu. Hapo penye mstari mwembamba palikuwa pamechanika hadi chini, vipande viwili vinaning'inia.

Mimi nimeolewa kule Kakuma. Masikio yangu yalitobolewa tangu utotoni, na baada ya ndoa nikawa navaa hereni kubwa za chuma, mviringo, nzito. Nilizipenda, siwadanganyi. Kila nikizoea uzito nilitafuta nzito zaidi. Matundu yakavutika, ndewe zikawa nyembamba kama kamba ya ngozi. Nilikuwa nikiona lakini sikujali. Mama mkwe wangu ndewe zake zote mbili zilikuwa zimechanika zamani, na hakuna aliyemwona mgonjwa.

Mwaka mmoja kiangazi kikawa kirefu, mto ukabaki mchanga mtupu. Mnajua tunavyochimba kisima mle mtoni. Siku hiyo mimi nilikuwa chini nachota, mama mkwe yuko juu anavuta debe kwa kamba, na wanawake wengine wanaimba ili kazi iende. Niliinama kufunga kamba. Ikapita ndani ya hereni yangu bila mimi kujua. Nikaita kama kawaida, "Vuta!"

Ndugu zangu, nililia "Acha! Acha!" lakini wimbo ulikuwa mkubwa kuliko sauti yangu. Debe likapanda, na sikio likaachia.

Walinitoa kisimani, damu imefika kiunoni. Pale zahanati dresa, yule mhudumu wa vidonda, alinisafisha akanichoma sindano ya pepopunda. Akasema, "Mama, hii mimi nitafunga tu. Kushona kwake kunataka daktari. Enda hospitali ya Lodwar leo, kidonda kikiwa bado kibichi."

Leo, kwa gari gani? Mume wangu alikuwa mbali malishoni na ng'ombe. Mama mkwe akasema, "Sikio halijaua mtu. Litapona." Hakunitazama aliposema. Na kweli lilipona, lakini kila kipande kilipona peke yake, kimoja kikiwa na uvimbe mgumu kama punje ya mahindi.

Mnajua sisi huwakata mbuzi masikio ili kila mtu amjue wake. Basi siku moja mwanamke wa jirani akanipokea kwa maneno haya: "Karibu! Wewe siku hizi ni wa zizi la nani?" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nililia mpaka mtoto wangu akaanza kulia pia.

Tangu hapo nikawa najifunga leso kichwani, katika jua lile la Kakuma! Kanisani mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo. Nikaacha. Nilikaa nyuma, halafu nikaacha hata kwenda. Mtu atasema, kwa sababu ya kipande cha nyama tu? Ndiyo, kwa sababu hiyo. Asiyewahi kuuficha uso wake hajui.

Miezi ikapita. Siku moja dresa akaleta habari kwamba daktari wa upasuaji anakuja Lodwar kwa ndege ndogo. Nilitegemea mama mkwe akatae. Akachukua fimbo yake akasema, "Tunakwenda." Tulipanda lori la ngozi za mbuzi, juu kabisa, vumbi likatufanya weupe wote wawili.

Daktari alizungumza Kiingereza, na nesi, msichana wetu wa Kiturkana, akawa ananiambia. Alilishika sikio polepole. Nesi akasema, "Anasema haliwezi kushonwa hivi hivi. Ngozi iliyopona haishikani na ngozi iliyopona. Lazima akate kingo zote mbili ziwe kidonda tena, ndipo ashone."

"Akate tena?"

"Kidogo tu. Utachomwa ganzi kwanza."

Nilitoka nje. Nawaambia ukweli, nilitoka mbio nikasimama chini ya mti pale uani. Mama mkwe akanifuata. Akasema, "Siku ile nilisikia kamba imekataa."

Nikamtazama.

"Nilidhani debe limekwama kwenye jiwe. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Mikono yangu bado inasikia. Nilikuambia litapona kwa sababu nilishindwa kuliangalia." Akafuta macho kwa kiganja. "Rudi ndani, mwanangu. Nitakushika."

Sijawahi kumsikia mkubwa akisema hivyo kwa mdogo. Hasira niliyokuwa nayo, hata sikujua ni nyingi kiasi kile, ikanitoka palepale. Tukarudi ndani pamoja.

Alinishika mkono mpaka mwisho. Sindano iliuma, mengine nilisikia kwa sauti tu: mkasi karibu kabisa, krr, krr, kisha uzi ukivutwa. Siku kadhaa baadaye, nyuzi zilipotolewa, nesi akanipa kioo. Niliona sikio moja, zima. Nikamrudishia kioo kwa sababu machozi yalikuwa yamenizuia kuona.

Daktari akasema nisitoboe upesi, ningoje miezi mingi, na nikitoboa isiwe juu ya kovu. Akalitazama na hili la kushoto akasema, hili nalo limebaki uzi tu, livue mzigo kabla halijachanika. Nikalivua. Kisha akamwonyesha mama mkwe masikio yake kwa kidole: na haya, mama, nishone?

Mama mkwe akacheka. "Mwambie haya nimezeeka nayo. Lakini nina mjukuu wa kike, na nilikuwa nimemwekea hereni zangu za zamani." Akafikiri. "Atavaa shanga nyepesi."

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani bila leso nikaanzisha wimbo. Sauti ilikwaruza, lakini wakaitikia.

Namshukuru dresa yule ambaye hakunisahau. Namshukuru nesi, na daktari ambaye labda hakumbuki hata sura yangu. Namshukuru mama mkwe, ambaye angeweza kunyamaza mpaka kaburini. Nanyi mabinti, sikilizeni: hereni nzito si ya kila siku. Zivueni mkienda kisimani, mkilala, mkinyonyesha. Likichanika, nenda siku hiyohiyo. Na kama lilichanika zamani, bado linaweza kushonwa.

Daktari wa upasuaji amekuja tena, yuko hapa Lodwar wiki hii. Najua kuna mtu hapa kati yetu amejifunga leso na haoni baridi. Sitakutaja. Kesho asubuhi sina kazi. Nitakuwa langoni pa hospitali tangu mapema. Njoo, tutaingia pamoja.