Gawio Lililoongezeka Mwaka wa Vita

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimesema asifiwe! Naona waliokaa dirishani wameitikia vizuri, ninyi wa nyuma bado mna usingizi. Basi nitawaangalia ninyi mpaka nikae. Mimi ni Rebeka, wengi mnaniita Mama Masele, mke wa Mhoja wa hapa hapa Nyarubungo. Mchungaji ameniomba nisiwe na maneno marefu. Mchungaji, nitajitahidi, lakini mambo aliyonitendea Mungu si mafupi!

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mfungwa. Hakunifunga askari, nilifungwa na hofu ya kesho. Nilizaliwa huko Shinyanga katika nyumba yenye ng'ombe. Msimu mmoja wa ukame ng'ombe wa baba walikufa wote, na baba akakaa mlangoni siku nzima akitazama zizi tupu. Nilikuwa mtoto, na jambo hilo likaniingia mpaka kwenye mifupa: ukipata chochote, kula leo hii, kwa sababu kesho kitachukuliwa. Nikaolewa na Mhoja, tukahamia huku Biharamulo kutafuta ardhi. Tukajenga, tukapanda mihogo, ikastawi. Mara ikaja Operesheni Vijiji, tukapakiwa kwenye lori na vyungu vyetu, na mihogo tukaiacha imesimama shambani. Silaumu! Hapa kijijini tumepata maji, tumepata shule, tumepata na kanisa hili. Lakini ile hofu yangu ilizidi kunenepa. Nikipika, napika vyote vilivyomo. Mbegu za karanga nilikuwa nazikaanga. Mhoja akiniuliza, "Sasa tutapanda nini?" mimi namjibu, "Kwani tutakuwepo?"

Sasa nimtaje mtu ambaye hapendi kutajwa. Mama Veneranda, usiiname, tumeshakuona! Mama huyu mnamjua. Ni Mhangaza wa Mbuba kule Ngara, aliolewa hapa, mume wake akafariki na kumwachia mizinga ya nyuki kwenye msitu wa kijiji. Kwetu sisi Wasukuma, mwanamke na mzinga havikai pamoja. Yeye alifunga gunia kiunoni, akashika moshi wake, akapanda mti mwenyewe. Wanaume walisimama chini wakimwelekeza, na wao ndio walioumwa!

Akaomba ruhusa kwa serikali ya kijiji, akaanzisha chama cha asali. Hisa hukuinunua kwa shilingi. Uliichonga. Ulileta mizinga miwili ya gogo, ikatundikwa pamoja na ya wenzako, hiyo ndiyo hisa yako moja. Tangu hapo mizinga ni ya chama. Wakati wa kurina, kila mwenye hisa anapata gawio sawa na mwenzake, hata kama nyuki hawakuipenda ile uliyoichonga wewe. Mhoja alichonga yetu akajiunga, na mimi nikanuna.

Tena nilinuna zaidi siku ya gawio la kwanza. Chupa mbili za asali! Mtu amechonga magogo mpaka mikono imetoka malengelenge, halafu chupa mbili! Na sababu ilikuwa Mama Veneranda. Mzinga wa gogo una mifuniko huku na huku. Yeye alifungua upande mmoja tu, akakata masega ya asali, akafunga. Upande wa pili hakugusa. Alisema nyuki nao wana nyumba, wana watoto, na wana hisa yao. Nta nayo aliiyeyusha, akauza kidogo, iliyobaki akaibeba kwenda nayo kwake. Watu wakanong'ona sana kuhusu hiyo nta.

Wenzetu wa ng'ambo ya mto nao walikuwa na chama chao. Wao walikomba mzinga wote, na masega ya watoto wa nyuki humo humo, kila mmoja akabeba debe kichwani. Walipita njia yetu wakiimba! Nikamwambia Mhoja, "Umetuingiza chama cha maskini." Mwaka uliofuata sisi tukapata chupa tatu. Mwaka mwingine nne. Ng'ambo lile debe likawa nusu, kisha mizinga ikabaki na buibui, kwa kuwa nyuki waliokuta nyumba haina chakula walihama. Mambo hayo yote yalipita mbele ya macho yangu, ndugu zangu, na sikuyaona. Bado nilikuwa nahesabu debe la watu!

Ndipo vita ikaja. Adui alivuka mpaka kule kaskazini, na Mhoja alikuwa mgambo, akaitwa. Asubuhi ile alinishika bega akasema, "Mayu, mama watoto, mihogo kuleni, mbuzi kuleni, baiskeli ikibidi uza. Hisa usiitoe. Nikirudi mzima au nikirudi nusu, ndiyo itakayotulisha." Akaondoka na wenzake.

Ninyi nyote mnakumbuka mwaka ule. Dukani hakuna sukari, hakuna chumvi, hakuna mafuta ya taa. Mvua ikachelewa, na miti ikatoa maua machache. Tukala mihogo ikaisha, tukala mbuzi. Baiskeli ikaenda. Habari ya Mhoja hakuna. Masele na dada yake wakawa wanakunywa uji ambao ungeweza kuona chini ya bakuli. Akatokea mfanyabiashara mmoja mgeni, anatafuta asali kwa sababu sukari imepotea. Akasema kila atakayetoa hisa yake na kukomba mizinga yake yote atapewa gunia la unga. Gunia zima! Na sheria ya chama ilikuwa wazi: ukitoa hisa unarudishiwa mizinga yako miwili, basi, huna gawio tena.

Nikaenda kwa Mama Veneranda. Nilimkuta anatwanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuchukua mizinga."

Nikashangaa amejuaje. Nikasema, "Mama, watoto wana njaa."

Hakunigombeza. Hakunihubiria. Alisema, "Ni haki yako, mwanangu. Keshokutwa ni mkutano wa gawio. Njoo usikie kwanza. Ukiwa bado unaitaka, ngazi nitakushikia mimi."

Nikarudi nyumbani nikapiga magoti karibu na kinu, kinu kitupu. Nilishazoea kuomba kwa kelele ili Mungu asiseme hakusikia. Siku hiyo sauti haikutoka. Nilisema tu, "Bwana, nimechoka kuogopa. Kama kesho ipo, niachie hata kipande kidogo nikione." Na nikakaa, ndugu zangu. Sikwenda kwa yule mwenye unga. Mnaweza kuona ni jambo dogo, lakini kwa jinsi ninavyojijua, huo ulikuwa muujiza wa kwanza!

Siku ya mkutano tulikaa uani kwa Mama Veneranda kama watu wa msibani. Wote tulijua asali ni kidogo. Mzee Petro, huyu fundi baiskeli wetu, alisimama akasema kwa upole, "Mama, mwaka huu tunakusamehe. Gawio halipo, tunajua."

Mama Veneranda akasema, "Lipo. Na limeongezeka."

Watu wakacheka kile kicheko kibaya. Yeye akawageukia vijana wawili, akawaambia, "Ingieni ndani, kitoeni kitanda changu."

Wakakitoa. Akatuita mlangoni, mmoja mmoja. Ndugu zangu! Pale kilipokuwa kitanda palijaa mabonge ya nta, yamepangwa kama matofali, ya manjano, nyumba nzima inanukia. Nta ya miaka yote ile! Ile tuliyoinong'onea! Nta haiozi, haiingiliwi na wadudu ukiitunza, na mafuta ya taa yalipopotea, misheni walikuwa wanaitafuta kila mahali watengeneze mishumaa. Alikuwa amekwishapatana nao watupe unga na chumvi. Asali nayo, kwa kuwa nyuki wetu hawakuwahi kufukuzwa na njaa, ilifika zile chupa nne kwa kila hisa, kama mwaka uliotangulia. Juu yake unga. Juu yake chumvi!

Mzee Petro alivua kofia. Mama Veneranda akasema, "Mlifikiri naipenda sana harufu yake ndiyo maana nailalia?"

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi nikalia. Hawakujua nalilia nini. Mama huyu, kila mwaka mzuri alikuwa anatuongezea chupa moja tu, na moyoni anatuwekea mwaka mbaya. Alivumilia kuitwa mchoyo ili watoto wangu wale. Mimi sijawahi kumwona mtu mwenye akili na moyo vikikaa mahali pamoja namna ile. Kamba iliyonifunga tangu nyumbani kwa baba ilikatika siku hiyo. Nilihisi ikikatika! Haleluya!

Vita ikaisha, na Mhoja akarudi. Mkono wake wa kulia haufumbi, jembe hawezi kushika, mnamwona pale upande wa wanaume. Alipofika alikaa kwenye kigoda, akawatazama watoto, akaniuliza neno moja: "Hisa?"

Nikasema, "Ipo."

Mume wangu, ambaye hakulia tulipoiacha mihogo, siku hiyo alilia. Sasa ndiye mlinzi wa mizinga ya chama, anazunguka msituni na mkono wake mmoja mzima, na nyuki wanamjua kuliko mimi. Gawio la mwaka huu limefika chupa sita.

Ndugu zangu, wewe unayekula kila kitu leo kwa sababu ya hofu, nakujua, nimelala nyumba moja na hofu hiyo. Mtegemee Bwana. Si kwa kukaa bure! Mtegemee huku umeacha upande mmoja wa mzinga. Tena tafuta watu wa namna ya Mama Veneranda, ujiunge nao, uwasikilize hata wanapokupa kidogo.

Mchungaji ananitazama, namaliza. Sadaka yangu ya shukrani ni hiki kikapu. Asali mnayo majumbani, sikuleta asali. Nimeleta karanga. Ni za mbegu, nimezichambua mwenyewe, na hakuna hata moja iliyofika kwenye kikaango! Aliyekosa mbegu msimu huu apite hapa mbele achukue, akapande.

Tutakuwepo.