Viatu vya shule kwenye ukuta wa depo: Mama Emilienne Mwavita anastaafu

Depo ya mpunga ya ushirika wetu hapa Kasongo haitachukua tena wanafunzi wakati wa mavuno. Meneja Gérard Sumaili alitangaza hivyo Jumatatu, tarehe 25 Agosti 2025, mbele ya wafanyakazi wote. Ijumaa hii, tarehe 29, Mama Emilienne Mwavita, aliyekuwa mkubwa wa wanafunzi hao, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Meneja alisema mambo hayo mawili hayahusiani. Hakuna aliyebisha.

Mama Emilienne alizaliwa Wamaza, katika familia ya wakulima, na aliingia depo mwaka 2003 kushona magunia. Wanafunzi waliokuja kufanya kazi wakati wa vakansi, shule zikiwa zimefungwa, hawakuwa na msimamizi. Walianika mpunga, wakaenda kuoga mtoni, mvua ikaja. Siku moja wingu lilipopanda aliacha sindano, akachukua rimu ya gari iliyotupwa nje, akaipiga kwa chuma mpaka wakarudi mbio, wengine bila shati. Meneja wa wakati ule alimkabidhi wanafunzi siku hiyohiyo. Rimu bado inaning'inia mlangoni.

Alikuwa mkali, lakini mkali mwenye mzaha. Kila mvivu alimwita bwana arusi. “Bwana arusi, amuka, bibi yako mpunga anaona mvua.” Aliyelala juu ya lundo la makumvi ya mpunga hakuamshwa kabisa, aliachwa apate usingizi mzuri, kisha ajikune mpaka jioni.

Zamu alizipanga kwa dini. Wakristo walishika kiwanja Ijumaa adhuhuri, Waislamu wakakishika Jumapili asubuhi, na jua halikupotea bure. Ijumaa moja Wakristo wote walikwenda mazikoni bila kuaga, na wingu likaja. Mama alikwenda mwenyewe mpaka mlango wa msikiti, akasimama nje, akasubiri sala iishe. Mpunga ulilowa. Alipoulizwa kwa nini hakuwaita mapema, alijibu: “Mpunga utakauka. Mungu wa watu siwezi kumukatiza.”

Kazi yake kubwa ni buti. Wanafunzi walikuwa wakifanya kazi pekupeku ili wasiharibu viatu vya shule. Mwaka 2011 nyoka aliyejificha chini ya turubai alimuuma msichana mguuni. Msichana alipona, lakini Mama hakumpa meneja nafasi ya kupumua mpaka buti za mpira zikanunuliwa.

Desturi ya buti aliitunga yeye. Siku ya kwanza kila mwanafunzi alivua viatu vyake vya shule, akavitundika kwenye msumari ukutani, akapewa buti. Siku ya mwisho aliosha buti, akazirudisha, akachukua viatu vyake. Viatu vilikuwa rehani. Wazazi walikuja siku hiyo kuutazama ukuta ukibaki mtupu, kwa sababu ukuta mtupu maana yake watoto wote wanarudi darasani. Kwa miaka mingi ulibaki mtupu. Kati ya waliopita mikononi mwake, mmoja leo ni muuguzi Kabambare, na kadhaa ni walimu. Mmoja wa walimu hao bado huruka akisikia chuma kikigongwa.

Kisha machimbo ya dhahabu ya Lusangi yakaanza kuvuta vijana. Mchimbaji anahitaji vitu vichache, na kimojawapo ni buti.

Mwishoni mwa Agosti mwaka jana, Lukumani, kiongozi wa kikosi cha wanafunzi kwa misimu mitatu, aliyekuwa anaingia darasa la mwisho la sekondari, aliomba kwenda na buti nyumbani Wamaza mpaka shule ifunguliwe.

“Mama Emi, shamba ya baba iko na miiba. Viatu vyangu si iko hapa?”

Alimkubalia. Ndilo kosa lililotajwa katika mkutano wa Jumatatu, na si uongo kwamba ni kosa. “Nenda,” alimwambia. “Viatu vinakungoja.” Wenzake walisikia, nao wakaomba, na baada ya kumkubalia mmoja hakuwa na neno la kuwakatalia wengine. Septemba shule ilifunguliwa. Nusu ya misumari ilikuwa bado na viatu.

Mwezi wa Oktoba Mama Emilienne alipanda moto ya Kamaldine, motari anayetuletea magunia kutoka Kabambare kwa pikipiki yake, akaenda Lusangi. Tunayoyajua tumeyasikia kwa Kamaldine. Lukumani alikuwa ndani ya maji ya matope, anaosha mchanga.

“Ee, bwana arusi,” Mama alimwambia, “bibi yako shule anakuulizia.”

Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. “Mama, kaka yangu alipata diploma. Iko mu valizi, chini ya nguo. Yeye anaendesha moto ya mutu.”

Mama alimgeukia Kamaldine amsaidie.

“Usiniangalie, mama,” Kamaldine alisema. “Hata yangu iko mu valizi.”

Lukumani alivua buti, akamnyooshea. “Buti zako hizi. Watu wasiseme niliiba.”

“Vaa,” alimjibu. “Utajikata.”

Akarudi bila kijana na bila buti. Penye daraja bovu, Kamaldine anasema, Mama alimwamuru ashuke asukume.

Msimu huu wanafunzi waliokuja hawakutosha hata kukunja turubai moja kubwa, na wengi waliondoka kabla mpunga haujakwisha. Sehemu ya mpunga ililowa na kuota uwanjani. Rimu iligongwa, na walioitika ni wazee wa ofisi. Meneja ameona hesabu hiyo na ameamua. “Kuanzia sasa anayetaka kazi awe mtu mzima, na aje na viatu vyake,” alisema. Hatuna hoja ya kumshinda. Waliobaki Kasongo wakati wa mavuno ni wachache, na anayewaahidi watoto kitu kizuri kuliko mchanga wa Lusangi hatujamwona bado.

Mama Emilienne hajajitetea. Tulipomuuliza zawadi anayotaka alikataa kitenge, akakataa saa ya ukutani. Aliomba safari moja ya Lusangi kwa moto ya Kamaldine. Anataka kumpelekea Lukumani viatu vyake. Tulimwambia kijana amekua, havitamtosha.

“Najua,” alisema. “Lakini nilimwambia vinamungoja. Mwenye kuvitupa awe yeye.”

Prefe, mkuu wa shule yake, amekubali kumpokea Lukumani, ingawa amechelewa mwaka mzima, ilimradi afike kabla ya Ijumaa tarehe 5 Septemba. Lukumani mwenyewe hajatuma neno.

Mama Emilienne, umetufanyia kazi, umetuchekesha, na kwa miaka mingi ulitulindia watoto. Asante. Wenzako tunakuombea afya, magoti yasiyouma na barabara kavu.

Sherehe ya kuaga ni Ijumaa saa nane mchana, uwanjani, mvua isiponyesha. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Kamaldine atampitia nyumbani. Jumatatu, tarehe 1 Septemba, shule zinafunguliwa. Siku hiyohiyo ukuta wa depo utapakwa chokaa, na viatu vitakavyokuwa bado kwenye misumari vitashushwa.