Mama Maranda, Aliyetoa Mabakuli Manne Katika Gogo Moja

Jumapili jioni alikuwa jikoni akibishana na mumewe kuhusu chumvi. Leo Jumamosi familia inasimama mbele yenu kusoma habari za maisha yake, na ulimi unakataa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya mabati nyuma ya ghala la reli. Baba yake alikuwa mpakia mizigo, mama yake fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi hapo hapo reli, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1989. Alikuwa mkaidi tangu hapo. Katika mtihani wa ushonaji aliifumua sketi yake na kuishona upya hadi kitambaa kikachakaa mikononi mwake, akapewa sifuri. Mama yake alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Pindo lilikuwa halijanyooka, Mama."

Mwaka 1991 aliajiriwa kuwa karani katika kiwanda cha samani. Huko kulikuwa na seremala mmoja mrefu, mpole, aliyekuja ofisini kila siku kuazima kalamu na kuirudisha jioni, ili kesho apate sababu ya kuja tena. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1995, wakajaliwa watoto watatu. Kiwanda kilipofungwa, walifungua karakana uani kwao. Mume alishika randa na msumeno, mke akashika mashine ya kukereza. Alirudi ndani kila jioni na vipande vya mbao vilivyojikunja kwenye nywele, mtaa mzima ukamwita Mama Maranda.

Alicheka nao, lakini jina hilo lilimchoma. Bakuli la mti hukerezwa kwa kulichimba katikati, na kila kinachotoka katikati huishia kuwa maranda ya kutupa. Gogo kubwa, bakuli moja, na gunia zima la takataka! Alipotimiza miaka hamsini alisema imetosha. Alitafuta kisu kilichopinda kama mundu, kile kinachozama kwenye gogo likiwa linazunguka na kupita chini ya sehemu ya ndani, ili itoke nzima, iwe bakuli jingine.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya aibu tupu. Kisu kilipinda kule asikotaka, kikatokea chini, na kila bakuli likatoka na tundu. Siku moja mumewe aliinua mojawapo usoni akachungulia.

"Mke wangu, nakuona."

"Angalia vizuri," alijibu, "utamwona na atakayelala njaa leo."

Hakufa moyo. Alijifunza kwamba kisu hicho hakilazimishwi. Kinaingizwa kidogo, kinatolewa, maranda yanafagiliwa, kinarudishwa tena, huku sikio likingoja sauti ya mti ibadilike. Alianza na bakuli dogo la katikati, akaja la pili, kisha la tatu, kila moja likivuliwa kutoka ndani ya kubwa zaidi. Alipopata manne katika gogo moja aliyapanga mezani, akayazunguka siku nzima kama kuku mwenye vifaranga. Kisha akaanza kumfundisha kitinda mimba wake wa kike.

Hapa ndipo mahali pa kueleza ugonjwa. Hapakuwa na ugonjwa. Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025, alikuwa kwenye mashine akikereza gogo la ule mti wa uani uliong'olewa na upepo. Alitaka kila mtoto apate bakuli lake, la nne libaki nyumbani. Mawili yalikuwa yameshatoka. Alizima mashine, akashika kichwa, akamwambia mumewe, "Hebu nishike." Alimshika. Gari la wagonjwa lilipofika, daktari hakuwa na la kufanya. Mshipa ulipasuka kichwani, walisema. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Gogo lilibaki kwenye mashine, bakuli la tatu bado limeshikana na la nje. Mti mbichi ukiachwa hivyo hukauka vibaya na kupasuka, na kufikia Jumatano ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanza ukingoni. Kitinda mimba aliuona, akataka kuwasha mashine. Shangazi yake, dada wa baba, alisimama mlangoni.

"Mashine ingurume msibani? Una akili kweli?"

"Shangazi, likipasuka hakuna jingine."

"Watu watasema nini?"

"Na mimi nitasema nini, Shangazi? Nilikaa nikalitazama?"

Baba yake, aliyekuwa amekaa uani na waombolezaji, alisema, "Washa."

Mashine ikanguruma. Binti hakuwahi kukata bakuli kubwa kiasi hicho peke yake. Kisu kiliingia, kikatoka, kikaingia. Mti ulilia kwa sauti nyembamba, kisha ukaanza kulia kwa sauti nzito. Akazima mashine, akagonga mara moja kwa ngumi, bakuli likaanguka kiganjani, zima, chini hakuna tundu.

Akageuka, uso umewaka kwa furaha. "Mama! Mama, njoo uone!"

Akasikia alichokisema. Shangazi yake ndiye aliyeitika. "Abee, mwanangu. Nakuja." Akaingia karakanani, akapokea bakuli lile lililolowa kwa mikono miwili.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, mama mzazi, kaka mmoja, wadogo watatu, na wifi mmoja ambaye bado hajaliweka bakuli chini. Mungu ampe pumziko la amani, na sisi atupe nguvu ya kuliamini hili.