Jino la Seremala

Seremala alikaa dirishani kwenye treni, shavu limevimba kama amebana limau ndani. Mama mshonaji aliyekaa mbele yake hakuwa anamjua, lakini kunyamaza hakukuwahi kumpata mama huyo hata kwa bahati mbaya. "Unakwenda kung'oa, kaka?"

"Leo leo, dada. Wiki nzima sijalala." Akapandisha mkono wa shati ajifute jasho, na mama akaona mabaka ya zambarau. "Nani kakupiga? Mkeo?"

"Hata! Ini langu bovu miaka mingi. Sasa bandama nayo imevimba, inazinasa chembe za kugandisha damu, zinazobaki ni chache. Nikigusa meza tu, alama."

"Na huyo mng'oaji anajua?"

Seremala akatazama nje. "Wa kwanza nilimwambia, akanirudisha nikapime damu, nikamwone daktari wa ini. Huyu simwambii."

"Basi beba gundi yako ya mbao uzibie shimo!"

Akacheka, kisha akashika shavu, kicheko kikaishia kwenye mguno. "Dada, wewe hujaumwa jino."

"Nimezaa mapacha, usinifundishe maumivu. Mimi kitambaa nikikikata vibaya nakishona. Wewe damu ikigoma kusimama? Mwambie!"

"Akinirudisha je?"

"Utarudi kwa miguu yako mwenyewe."

Breki zikalia. Seremala akasimama, akatemea mate kwenye leso. Yalikuwa mekundu, na jino lilikuwa bado mdomoni. Wote wawili waliyaona. Akaikunja leso haraka, akaitia mfukoni, akashuka bila kuaga.