Kijiko cha Mama Mkwe

Basi la Temeke lilikuwa halijatoka Kariakoo, na mwanamke aliyekaa mbele yangu alikwisha kumwanika mama mkwe wake kwa bibi mmoja wa baibui ambaye ndiyo kwanza ampe shikamoo.

"Mwezi wa pili huu hataki kula. Namwekea sahani mezani na kijiko, anakikodolea macho tu. Nikimlisha, wali anauweka shavuni kama tumbaku. Akili zimemruka, bibi, ila kisirani kimebaki. Kakonda mpaka kanga inamdondoka."

"Anakula na nani?"

"Peke yake. Mume wangu ni karani, hataki wageni wamwone mamake akijimwagia."

Bibi akacheka puani. "Miaka sabini kala mkekani, sinia moja na wenzake. Nani anamnawisha?"

"Anawe ya nini, na kijiko kipo?"

"Basi anangoja maji, na anangoja mwenzake wa kutia naye mkono. Kaa naye chini ule, akuone unavyotafuna na kumeza, atakumbuka. Nyie mmemkalisha kama hakimu wa Kizungu, halafu mnamwita mkorofi."

"Nirudi mkekani, na meza tumenunua juzi?"

Nikaona katika nyumba hiyo anayetunzwa ni meza.

"Na mume wangu nimwambieje? Bibi wa kwenye basi kasema?"

"Mwambie umelisoma gazetini. Makarani huamini magazeti."

Basi likasimama. Mwanamke akashuka bila kuaga, kabana mdomo. Kikapuni mwake, juu ya nyanya, kilikuwamo kijiko kipya, kikubwa kama upawa.